Mwongozo wa kikao cha nyimbo: wimbo kwanza, maneno baadae

Mimi naishi Ipagala hapa Dodoma, na huu ni mwaka wa tatu tuna kitu tunakiita kikao. Sio kikoba, hakuna hela inayozunguka, hakuna mwenyekiti wala katibu. Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunakutana watu wanane, kila mtu anakuja na wimbo mmoja, mmoja tu, wenye maana kwake yeye, tunausikiliza mpaka unaisha alafu mwenyewe anasema kwa nini kauleta. Basi, ndo hivo. Ila watu wakisikia wananiuliza, "mnafanyaje mpaka haigeuki disko, au haifi mwezi wa pili kama ya kwetu?" Sasa nimechoka kueleza kwa mdomo kila siku naandika mara moja.

Niseme mapema kwamba hata ya kwetu nusura ife. Kikao cha kwanza kilikua vurugu tupu. Tulikua watu kumi na nne, spika moja, kila mtu anataka kuunganisha simu yake, mtu anapiga wimbo nusu mwingine anamkata "ngoja nikuwekee dude lenyewe", bia zikaingia, kufika saa tatu usiku jirani kagonga geti. Katikati ya hiyo fujo dada mmoja, nesi, akaweka wimbo wa kwaya wa zamani, akawa anaangalia ukuta tu, na wakati huo huo kuna jamaa wawili wanabishana Simba na Yanga kwa sauti kubwa kuliko kwaya yenyewe. Haujafika hata kiitikio cha pili mtu kaubadilisha. Yule dada hakusema kitu, kachukua mkoba wake, kaaga vizuri tu, kaondoka. Kesho yake nikampigia kumuomba radhi, akanijibu, "Kaka wala usijali, ni wimbo wa mwisho mama kuimba kanisani kabla hajaanza kuumwa, basi."

Karibu kila kitu ntakachoandika hapa chini kimetoka kwenye ile simu.

Hatua ya 1: Tafuta watu, ila wachache

Sita mpaka wanane. Piga hesabu mwenyewe: wimbo ni dakika nne tano, ila akija mtu na dansi la zamani lile lenye sebene refu utakuta dakika nane mpaka kumi, weka wastani wa sita. Maneno ya mwenye wimbo na maswali ni dakika tano. Hapo kila mtu kala dakika kumi na moja, watu wanane ni dakika 88, yaani saa moja na nusu, na bado kuna kusalimiana, chai na yule mtu mmoja anaechelewaga siku zote. Mkiwa kumi na tano mtakesha, na wale wa mwisho watasikilizwa na watu wanaopiga miayo.

Usichukue watu wa aina moja. Hapa Dodoma hilo sio tatizo, maana mji wenyewe ni wa waliokuja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973, lakini watu walianza kumiminika kweli kweli baada ya 2016, serikali ilipokuja jumla. Mtu kapewa barua, kafika na begi na godoro, kapanga Nkuhungu au Ilazo au Nzuguni, jirani yake nae kaja na barua vile vile kutoka Mtwara, wanasalimiana "habari za kazi" miaka miwili hakuna anaejua mwenzie anatokea kijiji gani. Sisi tuna mhasibu kutoka Kagera, nesi wa Iringa, mwalimu wa Pemba, dogo wa bodaboda ambae ni Mgogo wa Chamwino, mzee mmoja mstaafu wa reli, mke wangu, mimi wa Tanga, na dada wa saluni ambae akiulizwa kwao anasema "kwetu Majengo, sokoni". Hao watu hata msiba mmoja wasingekutana.

Epuka mtu mmoja tu: yule anaejua kila kitu kuhusu muziki na lazima akusahihishe. Tulikua nae. Mwenzie anasema huu wimbo niliusikia nikiwa darasa la nne, yeye anadakia hapana haiwezekani, ule ulitoka mwaka fulani. Inawezekana yuko sahihi, lakini tulimuomba apumzike.

Hatua ya 2: Siku, saa na mahali

Tulianza Jumamosi, ikatushinda. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wenye familia Dar Ijumaa jioni huwaoni tena mpaka Jumapili usiku. Tukahamia Alhamisi, ya mwisho wa mwezi, maana mshahara umeingia na hakuna atakaeleta visingizio vya nauli. Tunaanza saa mbili usiku, wenzetu wameshaswali isha, saa nne kasoro kila mtu yuko njiani.

Mahali ni nyumbani kwa mtu, kwa zamu. Sio baa. Kwenye baa kuna muziki wa baa, kuna mhudumu, kuna mtu wa meza ya jirani ataomba mumuwekee singeli. Barazani ni pazuri ila mwezi wa sita na wa saba upepo wa Dodoma unaujua, ile baridi kavu yenye vumbi, ingieni ndani mfunge dirisha. Na mvua za Januari ikiwakuta chini ya bati lisilo na dari msishindane nayo, simamisheni, kunyweni chai, hainyeshi mpaka asubuhi.

Vya kutafuna: karanga hapana! Kwa kweli karanga tumezipiga marufuku wakati wimbo unapiga, mtu mmoja anatafuna karanga anasikika kuliko gitaa. Zabibu zinafaa zikiwa msimu, kashata inafaa, chai ya tangawizi ndo kabisa. Bia sisi tuliacha. Siwaambii muache, nasema tu kikao chenye bia kikifika wimbo wa tano kinataka kucheza, na ukishaanza kucheza husikilizi tena.

Hatua ya 3: Kuchagua wimbo (hapa ndo penyewe)

Watu wengi wanakosea hapa, mimi pia nilikosea. Mtu akiambiwa leta wimbo wenye maana kwako anaanza kutafuta wimbo mzuri. Au mbaya zaidi, anatafuta wimbo wa kumuonyesha yeye ni mtu wa namna gani, kwamba ana masikio makubwa, anasikiliza jazi ya Marekani, anajua rumba ya 1960 na kitu. Hakuna ubaya kupenda hivyo vitu, ila wimbo wa kujionyesha unajulikana. Ukiisha mwenyewe anasema "sikieni hilo besi", hana kingine.

Kipimo chetu ni maswali matatu, jiulize ukiwa peke yako hata unaosha vyombo:

Ulikua wapi? Namaanisha hasa, sio "nilikua sekondari". Ulikua umekaa juu ya nini, kwenye kitanda cha juu bwenini, nyuma ya fuso, dirishani kwa shangazi.

Nani alikua karibu?

Wimbo ulikua unatokea wapi? Redio ya mkulima, sabufa ya kibanda cha jirani, simu ya mtu kwenye basi, mdomo wa mama anafua.

Ukishindwa hayo matatu, huo wimbo unaupenda tu, haujawa wako, tafuta mwingine. Ukiyajibu haraka bila kufikiria, ndo huo, hata kama ni wimbo wa aibu. Na mara nyingi ni wa aibu! Mhasibu wetu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, mwezi wake wa kwanza alikuja na tangazo la redio. Sio wimbo kamili, ni kale kawimbo ka tangazo ka sekunde thelathini. Tukacheka. Alafu akasema kakiwa kanapiga ndo ilikua saa ya baba yake kurudi kutoka kwenye kahawa, kila siku, ukisikia hako kawimbo unamuona anainama kupita chini ya mgomba, ana panga mkononi, na watoto wote mnajifanya mnasoma. Tuliomba akaweke tena mara ya pili.

Maneno ya wimbo yasikubabaishe. Wimbo unaweza kua wa mapenzi na wewe unakukumbusha mtihani wa darasa la saba. Dada wa saluni alileta wimbo wa harusi ambao kwake ni wimbo wa kufukuzwa nyumba, maana ulikua unapiga ukumbi wa jirani siku wanatolewa vitu nje. Usijaribu kulazimisha maneno yafanane na kisa chako, wacha yapishane.

Neno kwa walioolewa na waliooa na wanaokuja na wenza wao. Fikiria kabla. Mimi nilileta taarabu moja ya enzi niko Tanga, kijana, barabara ya kumi na ngapi sijui, nikajibu yale maswali matatu vizuri kabisa pamoja na la pili, nani alikua karibu. Mke wangu hakusema kitu mbele za watu. Tulipofika nyumbani ndo akauliza, kwa upole kabisa, "Huyo wa dirishani alikua anaitwa nani?" Nyie haya.

Hatua ya 4: Andaa faili mapema

Usiseme utaupata mtandaoni hapo hapo. Bando litaisha, mtandao utazunguka, mtu wa kwanza ataharibia wote usiku. Wimbo uwe ndani ya simu tangu jana yake, na uwe umeshausikiliza wote mpaka mwisho, maana:

- Nyingi za kupakua bure zina sauti ya DJ anajitaja jina lake katikati ya ubeti. Tafuta isiyo na DJ. Ukinunua au ukisikiliza kwenye programu za muziki za kulipia hilo hua halipo, na msanii nae anapata chochote kitu.
- Nyimbo za zamani bendi zilirekodi zaidi ya mara moja, na kuna marudio ya vijana. Ule wako una sauti fulani, mbinja fulani mwanzoni. Hakikisha ni ule ule. Mzee wetu aliletewa na mjukuu wake toleo jipya lenye kinanda, akasikiliza sekunde kumi akasema "huyu simjui", akazima.
- Faili la MP3 la kawaida la 128 (ni kbps, kipimo cha ubora wa sauti) linakula kama MB 1 kwa dakika, la 320 linakula kama MB 2.4. Kwa hiyo wimbo wa dakika tano wenye MB 1 na nusu umebanwa mno, kwenye simu hutajua ila kwenye spika utasikia kama unapiga ndani ya ndoo.
- Ukimtumia mwenzako WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama odio ya kawaida jina linapotea, linakua AUD na tarehe na WA na sifuri nyingi, baada ya mwezi mnazo kumi za hivyo hamjui ipi ya nani.

Nyimbo zote nane tunamtumia mwenye zamu ya nyumba mpaka Jumatano usiku, anazipanga kwenye simu moja. Simu moja tu ndo inaunganishwa na spika, hiyo imemaliza ule ugomvi wa bluetooth kabisa. Na hiyo simu iwekwe hali ya ndege, alafu uwashe tena bluetooth peke yake, inakubali. Tusipofanya hivyo itatokea kama ilivyotokea kwangu, wimbo wa mwalimu wa Pemba uko katikati, simu ikaita kwenye spika, mtu akapokea kwa bahati mbaya, sebule nzima ikamsikia baba mwenye nyumba anauliza kodi.

Spika sio lazima iwe kubwa. Ya sabufa imezidi besi, punguza besi mpaka usikie maneno. Iwe imechajiwa, na umeme ukikatika msianze kutafutana na tochi za simu, kaeni gizani, ni vizuri zaidi kwa kweli.

Kama wimbo uko kwenye kanda

Hii naiweka pembeni maana sio wote inawahusu, ila kwa walionayo ni dhahabu. Mzee wetu wa reli alikua na kanda ya dakika sitini, alirekodi redio mwenyewe miaka ile ya Radio Tanzania, kipindi cha salamu, zile za kutuma kadi. Jina lake linasomwa, la marehemu mkewe linasomwa, alafu wimbo.

Kabla hujaiweka kwenye redio kaseti yoyote, vunja vile vidude viwili vya plastiki upande wa juu wa kanda kama bado vipo, hapo hata mtu akibonyeza rekodi haishiki. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, acha kikauke. Kanda ikiwa imekaa miaka mingi usiifowadi kwa mashine, izungushe taratibu kwa mkono kwa peni ya Bic mpaka mwisho na urudishe, ndo inaachia. Alafu waya wenye pini pande zote mbili, kutoka tundu la hedfoni la redio kwenda tundu la maiki la kompyuta, na programu ya kurekodi sauti ya Audacity ambayo ni bure. Sauti ya redio iwe chini chini kwanza, upandishe polepole, ikizidi inapasuka na ikishapasuka hairekebishiki. Hakuna mkato hapa, kanda ya dakika sitini itachukua dakika sitini. Sisi tulikaa nayo yote, na upande wa pili tukakuta mtoto analia na mtu anasema "mbebe huyo". Mzee akasema huyo mtoto ndo yule anaetuletea chai sasa hivi, ana watoto watatu.

Kama wimbo haujarekodiwa kabisa

Dogo wa bodaboda miezi miwili ya mwanzo alikua analeta Bongo Fleva tu, nzuri, ila ukimuuliza maswali matatu anakwepa. Siku moja akasema kiukweli wimbo wangu haupo kwenye simu, upo kwa bibi Chamwino, anauimba akitwanga uwele. Tukamwambia kaurekodi.

Alirekodi mara ya kwanza ikawa upepo mtupu. Kwa hiyo: rekodi ndani au nyuma ya ukuta uliokinga upepo, simu iwe mbali na mdomo kama urefu wa mkono, usiilaze juu ya meza wala usiishike, ikunjie kanga chini yake ndo uiweke, maana kila anachogusa mtu mezani simu inasikia. Hali ya ndege tena. Na usimwambie bibi "imba", atakuimbia kama anaimbia wageni wa serikali. Mwache atwange.

Ya pili ikatoka vizuri, kinu kinasikika, kuku wanasikika, na katikati mama mdogo anaingia na sauti ya pili kutoka jikoni bila hata kuambiwa, maana Wagogo ndo walivyo, mtu akianza mwingine anaingia na sauti yake, na mwingine yake, hakuna mazoezi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, alizizungusha ilimba (ile ala ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba) na zeze za Kigogo mpaka majukwaa ya Ulaya, na hapa mjini unakuta mtu kakaa miaka sita hajawahi kusikia hata muheme, ngoma za akina mama, wanazibana mapajani wanapiga, labda siku ya sherehe ya kitaifa akiwa anatafuta kivuli. Mimi nilikua mmoja wao, sijisifii.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe, wimbo kwanza

Hii ndo kanuni yetu kubwa na watu wanaibishia sana. Mwenye wimbo haelezi chochote kabla. Anasema "zamu yangu", wimbo unapiga, mwanzo mpaka mwisho, kimya. Ukiisha tunakaa kidogo, kama pumzi tatu nne, ndo anaongea.

Mwanzo tulifanya kinyume. Mimi nilieleza habari za baba yangu robo saa nzima, jinsi alivyokua, jinsi alivyoondoka, watu wameshalainika, ndo nikaweka wimbo. Wimbo wenyewe unahusu mtu kaibiwa baiskeli. Watu wakawa wanamtafuta baba yangu kwenye baiskeli hawamuoni! Baadae mke wangu akaniambia hakusikia hata ala moja, alikua anasubiri uishe ili aniulize maswali. Ukiongea kwanza watu wanasikiliza hadithi yako na wimbo unakua kama pazia nyuma. Ukiweka wimbo kwanza kila mtu anauingia kwa mlango wake, anafika anapofika, alafu ukiongea ndo anashtuka kumbe mwenzangu alikua huku.

Kuna ruhusa moja. Wimbo ukiwa wa lugha ambayo wengi hawaijui, Kigogo, Kihaya, Kifaransa, chochote, mwenyewe aseme sentensi mbili tu za maana ya maneno, sio za maisha yake. "Anamuita mtoto aje ale, mtoto haji." Imetosha.

Wakati unapiga: simu zote kifudifudi, hakuna kufowadi, hakuna kuimbia juu yake isipokua mwenyewe ameanza kuimba, na hakuna kumuangalia usoni mwenye wimbo. Hilo la mwisho lilipendekezwa na mwalimu wa Pemba, alisema anajisikia kama anavuliwa nguo. Angalieni chini, angalieni taa, funga macho.

Mpangilio wa nani aanze piga kura ya vikaratasi. Ila wimbo mzito sana usiwe wa mwisho, mtu aende nyumbani nao peke yake kwenye bodaboda saa nne usiku sio vizuri. Mwenye zamu ya nyumba akisikia nyimbo zote mapema anaweza kugeuza geuza kimya kimya.

Hatua ya 6: Kuongea, na kuuliza

Mwenye wimbo ana dakika tatu, sio zaidi. Tunatumia saa ya simu ya mtu. Watu wanaona ni ukatili lakini dakika tatu ni nyingi sana ukianzia pale ulipokua umekaa, na ni chache sana ukianzia ulipozaliwa. Anzia pale.

Maswali yanaruhusiwa ya vitu: redio ilikua ya aina gani, mlikua mnakula nini, ilikua mvua au jua. Maswali ya kuchimba hayaruhusiwi: kwa nini mliachana, yuko wapi sasa, alikufa na nini. Akitaka atasema mwenyewe, na mara nyingi anasemaga, kwa sababu tu umemuuliza kuhusu redio. Ushauri haupo kabisa. Hatujaja kusuluhisha ndoa.

Na kinachosemwa pale kinabaki pale. Hizi habari za watu nilizoandika hapa niliwasomea wote kwanza, wakakubali, mmoja akaniambia niondoe kitu nikakiondoa.

Hatua ya 7: Machozi

Yatakuja. Mwezi wa tano yule nesi alirudi na wimbo ule ule wa kwaya, wa siku ile ya fujo. Hakutuambia. Sisi tuliokuwepo siku ile tuliujua kwenye ala za mwanzo tu, mimi tumbo likanikaza. Ni kwaya ya kijijini, imerekodiwa kanisani, kinanda kimoja, sopranu wanapanda mpaka wanapasuka kidogo. Ukafika kiitikio cha pili, pale pale ulipokatwa mara ya kwanza, ukaendelea. Hakuna aliyetikisika. Ulipoisha alikua analia bila sauti, na sisi hatukufanya kitu, hatukumpa pole hapo hapo, hatukumpigapiga mgongo. Dada wa saluni alimsogezea kikombe cha chai na kitambaa, akarudi kukaa. Baada ya muda akajifuta akasema, "Mama ni yule anaechelewa kuingia ubeti wa tatu. Siku zote alikua anachelewa." Tukaomba turudie ubeti wa tatu tu. Kweli, anachelewa.

Kwa hiyo kwenye machozi hatua ni fupi: msizime wimbo, msikimbilie kumfariji, wekeni kitambaa karibu, subirini. Wimbo unaofuata usianze mpaka mwenyewe aseme tuendelee.

Hatua ya 8: Daftari

Kaunta buku ya kawaida inatosha. Tarehe, nyumba ya nani, jina la wimbo, aliyeleta, na mstari mmoja wa alichosema. Kwenye grupu tunaweka faili za mwezi huo na hakuna kingine, hakuna asubuhi njema, hakuna maua, hakuna fowadi za dawa za kienyeji. Faili hizo ni za sisi wanane, haziuzwi wala hazirushwi ovyo, nyimbo zina wenyewe. Siku mkitaka kupiga ukumbini kwa kiingilio hiyo ni habari nyingine, kuna leseni, kaulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza.

Daftari lina raha yake. Ukisoma mwaka mzima unakuta mhasibu nyimbo zake tisa kati ya kumi na mbili zina baba yake, mwenyewe alikua hajui.

Hatua ya 9: Mtu akihamishwa

Huu mji ulimleta kwa barua na utamtoa kwa barua. Nesi wetu kapelekwa Singida mwaka huu. Tulijadiliana kama tutafute wa nane mwingine, tukaona hapana, nafasi yake ipo. Anatuma wimbo wake Jumatano kama sisi wengine, kama dokumenti, pamoja na voisi ya maelezo ambayo haifunguliwi mpaka wimbo umeisha. Unapigwa wa kwanza kila mwezi bila vikaratasi, maana yeye akiwa zamu ya usiku anataka majibu yetu kabla hajaingia wodini.

Shida ni moja tu, voisi yake ya mwezi uliopita ilikua ya dakika tisa. Mzee alishika saa mpaka mkono ukachoka. Tumemtumia hatua ya 6 kwa herufi kubwa.